Lenzi ya Kupachikwa Ndani ya Jicho: Tiba, Najisi na Sala ya Mgonjwa

 

Alitujia kijana mmoja baada ya sala ya Alasiri, miongoni mwa wanafunzi wetu wa zamani wa chuo. Tangu utotoni tulimjua kwa namna alivyokuwa akisoma: msahafu ameuinua mpaka unakaribia kugusa pua, na ubao haoni kitu mpaka asimame mbele yake. Baadaye alipata miwani yenye vioo vinene, na nyuma ya vioo vile macho yake yakawa yanaonekana madogo kuliko yalivyo. Siku hiyo alikuja kuuliza: daktari amemshauri apachikwe lenzi ndani ya jicho ili aachane na miwani, je, sheria inaruhusu? Tukamjibu papo hapo, tumesimama mlangoni mwa msikiti, kwamba hiyo ni tiba kama tiba nyingine, atawakali. Hatukumwuliza lenzi yenyewe imetengenezwa kwa kitu gani.

Baada ya miezi akarudi. Jicho la kulia limekwisha kufanywa na anaona vizuri, alhamdulillahi. La kushoto bado. Mkononi alikuwa na karatasi ya maelezo ya lenzi ile.

"Maalim, tazama hapa," akasema, akaweka kidole juu ya mstari mmoja. Palikuwa pameandikwa kuwa ndani ya lenzi hiyo mna kolajeni inayotokana na nguruwe. Akatuuliza maswali matatu: Sala nilizosali miezi hii yote zina hukumu gani? Hii iliyomo nilazimike kuitoa? Na jicho la pili nifanyeje?

Tunakiri kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa na kasoro, na aliyejibu kwa haraka hana budi kurudi kujibu kwa utulivu. Kwa kuwa huenda maimamu wenzetu nao wakaulizwa suala hili, tumeona tuliandike kwa urefu wake.

Kukifahamu kitu kabla ya kukihukumu

Wanavyuoni wetu wa usul wamekwisha tufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tuanze na jicho.

Mtu asiyeona mbali, katika hali nyingi, jicho lake ni refu kuliko inavyotakiwa kutoka mbele kwenda nyuma. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi. Likizidi hapo, mwanga unakutana kabla haujafika kwenye utando wa nyuma wa jicho, yaani retina, na ukifika umekwisha kutawanyika. Upungufu huu hupimwa kwa kipimo kiitwacho dayopta, na mtu mwenye upungufu wa dayopta 6 na zaidi huhesabiwa kuwa na hali kali. Hesabu yake ni nyepesi: gawa sentimita 100 kwa idadi ya dayopta, utapata umbali wa mwisho ambao mtu huyo anaona sawasawa bila miwani. Mwenye dayopta 5 anaona mpaka sentimita 20. Kijana wetu alikuwa na 14, yaani sentimita 7 hivi. Kumbe wakati ule tulipokuwa tukimwambia auweke msahafu mbali na uso wake, tulikuwa tukimwamrisha asione.

Tiba zipo za namna tatu. Ipo miwani, na zipo lenzi nyembamba za kuvaa juu ya jicho, ambazo huvaliwa na kuvuliwa. Ipo tiba ya leza, ambayo hupunguza unene wa konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Lakini konea yenyewe unene wake ni kama nusu milimita tu, na kila dayopta moja hula sehemu 12 mpaka 15 katika elfu za milimita. Mwenye dayopta 14 akifanyiwa leza atapoteza kiasi cha kuogofya, na konea inaweza kudhoofika na kuvimba mbele. Ndiyo maana watu wa hali kali huambiwa leza haiwafai.

Tiba ya tatu ni lenzi ya kupachikwa. Daktari hutia dawa ya ganzi, hufungua tundu dogo pembeni mwa konea, kwa zile lenzi laini ni kiasi cha milimita 3, na kuingiza lenzi iliyokunjwa, nayo hukunjuka ndani. Lenzi ya asili ya jicho haiguswi. Hubaki pale alipoiweka Muumba. Hapa ndipo inapotofautiana na operesheni ya mtoto wa jicho, kwani huko lenzi ya asili iliyoingia ukungu huondolewa na ya bandia ikakaa mahali pake.

Kuna aina zinazokaa mbele ya lile duara la rangi la jicho, zikashikamana nalo kwa makucha madogo. Mojawapo ni Artisan, iliyobuniwa na tabibu wa Uholanzi Jan Worst na kupewa idhini Marekani mwaka 2004. Hii ni ya plastiki ngumu. Na kuna zinazokaa nyuma ya duara hilo, mbele kidogo ya lenzi ya asili. Iliyo mashuhuri zaidi katika hizi ni Visian ICL, iliyopewa idhini Marekani mwezi Desemba 2005, na toleo lake jipya la EVO, lenye kitundu katikati cha kupitisha maji ya jicho, likapata idhini huko mwaka 2022. Idhini ya 2005 ilikuwa kwa watu wa miaka 21 mpaka 45, wenye upungufu wa dayopta 3 mpaka 20, tena wenye nafasi ya kutosha ndani ya jicho.

Msomaji asidhani kuwa tiba hii haina hatari. Lenzi iliyokaa vibaya inaweza kuleta mtoto wa jicho au kupandisha presha ya jicho; chembe za ndani ya konea zikifa hazizaliwi tena; na tundu lolote ni mlango wa vijidudu. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: lenzi hairudishi urefu wa jicho. Jicho refu hubaki refu, na hatari ya retina kubanduka hubaki vile vile, kwa hiyo mgonjwa anatakiwa aendelee kupimwa hata kama anaona sawasawa.

Je, ni kubadilisha maumbile?

Wapo watakaosema kwamba kutia kitu kigeni jichoni ni kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu, wakataja aya ya 119 ya Suratun Nisaa, ambamo shetani anaapa kuwaamrisha watu wabadilishe alichokiumba Allah. Lakini Hadithi ya Ibn Mas'ud (radhi za Allah ziwe juu yake), iliyomo katika Bukhari na Muslim, juu ya wanawake wanaochongesha meno, imelifunga katazo hilo na kutafuta uzuri. Anayeondoa madhara hamo.

Na hoja iliyo wazi zaidi ni kisa cha Sahaba Arfaja bin As'ad. Pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akajifanyia pua ya fedha, ikamnukia vibaya. Mtume (rehema na amani zimshukie) akamwamrisha afanye pua ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud, At-Tirmidhi na An-Nasai. Tuizingatie Hadithi hii vizuri, maana tutairudia: dhahabu ni haramu kwa mwanamume, na aliruhusiwa baada ya kile cha halali kujaribiwa na kushindwa. Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu yenye makao Jeddah, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, imeruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro, ziwe za kuzaliwa nazo au za kupatikana baadaye.

Wala kulifungua jicho kwa chuma si jambo geni kwa Waislamu. Ali bin Isa Al-Kahhal wa Baghdad aliandika Tadhkiratul Kahhalin, na kwa karne nyingi matabibu wa macho walikisoma kitabu hicho. Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri zama za Al-Hakim, yaani kabla ya mwaka 1021, alibuni sindano yenye uwazi ndani, akaitumia kuufyonza mtoto wa jicho ulio laini. Na katika miji hiyo hiyo ya Misri na zama hizo hizo alikuwepo Ibnul Haytham, aliyebainisha katika Kitabul Manadhir kwamba tunaona kwa mwanga unaoingia jichoni, wala si kwa miale inayotoka jichoni. Lenzi ya kwanza ya bandia ndani ya jicho iliwekwa na Harold Ridley mjini London tarehe 29 Novemba 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege vilivyowaingia marubani machoni wakati wa vita vilikaa humo bila kuleta uvimbe. Plastiki hiyo hiyo ndiyo asili ya Artisan tuliyoitaja.

Basi kwa upande wa tiba yenyewe, jibu letu la mlangoni halikuwa na makosa. Makosa yalikuwa katika tulichoacha kuuliza.

Kolajeni ya nguruwe

Lenzi ya Visian inatengenezwa kwa maada iitwayo Collamer. Sehemu yake kubwa ni plastiki laini inayofyonza maji, na ndani yake imeunganishwa kolajeni ya nguruwe, kiasi kinachotajwa kuwa sehemu 2 tu katika elfu. Kolajeni ni ile protini ya ngozi na mishipa. Watengenezaji wameiweka kwa makusudi, ili mwili uizoee lenzi na usiipige vita.

Mtu anaweza kusema: sehemu mbili katika elfu, tena imeunganishwa na plastiki, si imekwisha geuka kitu kingine? Hili ni suala la istihala, yaani najisi kugeuka dhati yake. Wanavyuoni wamehitilafiana tangu zamani. Kwa Mahanafi, nguruwe akianguka katika chumvi akageuka chumvi, chumvi hiyo ni tohara kwa kauli wanayoitolea fatwa, na Ibn Taymiyya ameipa nguvu rai ya istihala kutoharisha. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, mlango huu ni mwembamba: pombe ikijigeuza siki hutoharika, ngozi ya mzoga hutoharika kwa kudibaghiwa isipokuwa ya mbwa na nguruwe, na machache mengine.

Wanavyuoni wa zama zetu nao hawakuwa na kauli moja. Majmau ya Jeddah katika kikao cha Amman mwaka 1986 ilikataza jelatini ya nguruwe katika chakula, kwa kuwa ya halali inatosha. Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba huko Kuwait, mwaka 1995, ikaiona jelatini iliyogeuka kwa istihala kuwa tohara. Majmau ya Rabita ya Makka, mwaka 1998, ikarudi kwenye katazo la jelatini ya nguruwe.

Sisi hatuoni kwamba istihala inathibiti hapa kwa uwazi. Kitu bado kinaitwa kolajeni, na kimewekwa mle kwa sababu kinafanya kazi ya kolajeni. Kilichogeuka chumvi hakifanyi tena kazi ya nguruwe. Kwa hiyo hatutajengea hukumu juu ya nguzo hii peke yake, ingawa khitilafu ya maimamu inaipunguzia uzito haramu yake.

Mfupa wa najisi

Nguzo iliyo imara tumeikuta katika kitabu ambacho kila mwanafunzi wa pwani yetu amekisoma au amesikia kikisomwa, nacho ni Minhaj cha Imam An-Nawawi, katika sharti za sala. Anazungumzia mtu aliyevunjika mfupa akaunganishiwa mfupa wa najisi. Hukumu yake kwa ufupi ni hii: akiwa amefanya hivyo kwa kukosa kilicho tohara, ana udhuru na sala yake inasihi. Kama kilicho tohara kilikuwepo, ni wajibu kuutoa ule wa najisi ikiwa hakuhofiwi madhara ya dhahiri. Madhara yakihofiwa, kwa kauli yenye nguvu, halazimiki. Na akifa nao, hautolewi, kwa kauli sahihi.

Asiseme mtu kwamba mfupa si lenzi. An-Nawawi mwenyewe katika Rawdha amelitia kundi moja suala la kutibu jeraha kwa dawa ya najisi, na la kulishona kwa uzi wa najisi. Illa ni moja: najisi imewekwa ndani ya mwili kwa haja ya tiba.

Waliokuja baada yake wakauliza swali ambalo ndilo hasa la kijana wetu: ikiwa kilicho tohara kipo, lakini mtaalamu mwaminifu anasema kile cha najisi, hata kama ni cha mbwa au nguruwe, kinaponesha upesi zaidi? Al-Isnawi aliona kuwa huo ni udhuru, akapima na mlango wa tayamamu, ambamo kuchelewa kupona ni udhuru. Ibn Hajar katika Tuhfa akaenda njia hiyo. Ar-Ramli katika Nihaya hakukubali, akasema milango hiyo miwili ina tofauti. Kauli zote mbili zimo katika madhehebu, na zote zina watu wake.

Kauli hii ya wakongwe inaafikiana na ya zama zetu. Mwaka 2003 Majmau ya Rabita iliruhusu dawa ya heparini yenye uzito mdogo, inayozuia damu kuganda, ingawa asili yake ni nguruwe, kwa sharti kwamba isipatikane ya halali iliyo badala yake, na watu wasiipanue ruhusa kupita haja.

Sala zilizopita, na lenzi iliyomo

Sasa tumjibu kijana.

Ama sala zake, hakuna ya kurudia. Tunajua kwamba katika kauli mpya ya Imam Shafi'i, aliyesali na najisi isiyosamehewa pasi na kujua huwajibika kulipa sala yake, na kijana naye anaijua, ndiyo iliyomkosesha usingizi. Lakini hiyo ni najisi aliyewajibika kuiondoa. Hii yake haikuwa wajibu kuitoa tangu siku ile ilipoingia, kwa sababu tutakayoieleza sasa hivi. Basi imesamehewa, na sala iliyosaliwa na kilichosamehewa ni sahihi.

Ama kuitoa, si wajibu. Huenda akaambiwa: "Lenzi hii inasifiwa kwamba hutolewa kwa urahisi, basi udhuru wako uko wapi?" Tulilifikiria sana pingamizi hili, kwa sababu lina nguvu, na madaktari kweli huitoa ikibidi. Lakini wepesi wa kazi ya daktari si usalama wa jicho la mgonjwa. Kuitoa ni kulifungua jicho mara ya pili, kuziweka chembe za konea katika hatari ya kufa bila kurudi, na kuipitisha lenzi karibu na lenzi ya asili ambayo ikiguswa tu huingia ukungu. Mafakihi wamesema katika mlango wa tayamamu kwamba kuhofia kupotea kwa manufaa ya kiungo ni udhuru. Na kuna kiungo gani ambacho manufaa yake ni makubwa kuliko jicho? Ikitokea siku moja daktari akaitoa kwa sababu ya tiba, hapo isirudishwe ya namna hiyo ilhali iliyo tohara inapatikana na inafaa.

Na akifa nayo, waoshaji wasiiguse. Wala wasianze kuulizana juu ya jeneza.

Udhu, sujudi na funga

Lenzi iliyo ndani ya jicho haizuii udhu wala josho. Mahali ilipo ni nyuma ya konea, na ndani ya jicho si pa kuoshwa katika udhu; An-Nawawi ameeleza katika Majmu' kwamba si wajibu kwa makubaliano. Hata lenzi ya kuvaa juu ya jicho haihitaji kuvuliwa.

Taabu iko katika zile siku za mwanzo baada ya operesheni, mara nyingi wiki moja hivi, ambapo daktari hukataza maji yasiingie jichoni. Mgonjwa aoshe paji, mashavu na kidevu kwa kuyaongoza maji kidogo kidogo kwa kiganja, kichwa amekiinamisha nyuma. Akiweza kuyapitisha juu ya kope zilizofungwa bila madhara, udhu wake umekamilika. Asipoweza, basi kwa madhehebu yetu ataleta tayamamu kwa ajili ya sehemu iliyobaki, na kwa kuwa ni sehemu ya uso, ailete kabla hajaosha mikono, kwa ajili ya mpangilio. Vumbi lisifike jichoni. Mas-ala ya bandeji iliyo usoni na kurudia sala yana maelezo marefu katika vitabu vya Kishafi'i, na kwa Mahanafi na Mamaliki ni mepesi zaidi. Mgonjwa amfuate imamu wake, na imamu asimtie mgonjwa uzito.

Juu ya sujudi, kuna mapokezi yanayotajwa na Al-Bayhaqi kwamba Ibn Abbas (radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake), macho yalipoingia maji, aliambiwa tiba ipo lakini itampasa kusali siku kadhaa akiwa amelala chali. Wakubwa aliowauliza hawakumruhusu, akaiacha tiba. Baadhi ya mafakihi walichukua kutokana na hilo kwamba haijuzu. Lakini kauli aliyoisahihisha An-Nawawi ni kwamba tabibu mwaminifu akisema hivyo, inajuzu. Kwa lenzi hizi jambo ni jepesi zaidi ya hapo: akikatazwa kuinamisha kichwa, atasimama, ataashiria rukuu, kisha akae na kuashiria sujudi kwa kuinama kiasi alichoruhusiwa, sujudi ikiwa chini kuliko rukuu.

Ama matone ya dawa katika Ramadhani, kwa madhehebu yetu jicho si tundu lenye njia ya wazi, na wanja haufunguzi hata ladha yake ikifika kooni. Majmau ya Jeddah mwaka 1997 imesema matone ya macho hayafunguzi, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Anayeweza kuisogeza operesheni mpaka baada ya Idi na afanye hivyo.

Nani mwenye haja, na nani mwenye matamanio?

Hapa tunaomba wenzetu maimamu wasifungue mlango wote. Mwenye upungufu wa dayopta 4, ambaye miwani inamtosha kwa kila jambo, akataka lenzi kwa kuwa tu miwani haimpendezi, huyo tukimkuta anataka lenzi iliyo tohara hatuna la kumkataza, isipokuwa tutamkumbusha hatari tulizozitaja. Lakini akitaka ile yenye kolajeni ya nguruwe, hana dharura wala haja inayokaribia dharura, na hatuoni ruhusa yake. Vivyo hivyo asiingie katika mkopo wa riba kwa ajili yake.

Mwenye hali kali ni mtu mwingine. Miwani yake inampunguzia ukubwa wa vitu na kumkatia pembeni. Ikivunjika njiani hajui gari iko wapi. Wengine macho yao hayastahimili lenzi za kuvaa. Kijana wetu ni fundi wa umeme, na mara moja miwani yake ilianguka akiwa juu ya ngazi. Huyu haja yake haina shaka, na bado haja hiyo haimpeleki kwenye najisi mpaka milango ya tohara ijaribiwe, kama Arfaja alivyoanza na fedha.

Na milango ipo. Mbali na Artisan kuna Artiflex, ambayo sehemu yake ya kati ni ya silikoni laini. Na huko India hutengenezwa lenzi iitwayo IPCL, ya akriliki, nayo hukaa nyuma ya duara la rangi kama ile ya Visian. Si kila jicho linafaa kila lenzi: zile za mbele zinahitaji konea yenye chembe za kutosha na nafasi ya kutosha. Huo ni uwanja wa daktari, si wetu. Lakini daktari hatasema asipoulizwa, kwa kuwa yeye hakuona tatizo katika kolajeni.

Kwa jicho la kushoto, basi, tulimwandikia kijana maswali matatu ya kumpelekea daktari wake, kwa lugha anayoielewa daktari. Je, kuna lenzi isiyo na kitu cha nguruwe inayofaa jicho hili kwa vipimo vyake? Kama ipo, je, hatari yake kwa jicho hili ni kubwa kuliko ile ya kwanza, na kwa kiasi gani? Na je, jicho hili likiachwa na miwani au lenzi ya kuvaa, huku la kulia limekwisha kufanywa, ataweza kufanya kazi yake? Jibu la swali la kwanza likiwa ndiyo na hatari ikawa sawa, atachukua iliyo tohara, hata kwa safari na gharama anayoimudu. Likiwa hapana, au daktari mwaminifu akasema hiyo nyingine ina hatari zaidi kwa jicho lake, basi tunamwachia kauli ya Al-Isnawi na Ibn Hajar, naye ana udhuru.

Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akatuuliza kama anaweza kuswalisha Magharibi siku hiyo akiwa na lenzi yake. Tukamtanguliza.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.